Zile picha za angani za Zanzibar 1964: ni ushahidi au ni filamu tu?

#1 Fundi Taa
Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Magomeni. Kwenye runinga jamaa kachomeka flashi ina mchanganyiko wa makala za historia: vita ya Kagera, Lumumba, halafu bila kutegemea kikaja kipande cha Zanzibar kutoka ile filamu ya Waitaliano ya 1966, Africa Addio. Kamera iko angani. Chini minazi, watu wa kanzu nyeupe wamepangwa mstari, kisha makaburi marefu yaliyo wazi. Watu wote mle ndani wakanyamaza. Mashine ikawa inanguruma hewani, kinyozi kasahau kichwa changu.

Kijana mmoja, hazidi miaka kumi na minne, akauliza: "Hawa ni kina nani?" Hakuna aliyemjibu. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Bububu, na mimi pia sikumjibu.

Naomba kujuzwa: picha zile ni za kweli? Kama ni za kweli, mbona kila Januari 12 televisheni inanionyesha gwaride na hotuba, kila Aprili 26 inanionyesha Mwalimu akichanganya udongo, na zile sijaziona hata mara moja? Kama ni za uongo, mbona hakuna aliyekaa chini akatuonyesha uongo uko wapi? Mwenye nondo ashushe.

#2 Chai ya Rangi
Naweka kambi hapa.

#3 Kipanga
Uongo. Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walishajulikana kwa kazi hiyo. Mondo cane yao ya 1962 ilichanganya mambo ya kweli na mambo ya kupangwa, na watazamaji wakauziwa yote kama ukweli. Miaka minne baadaye wanakuja na Afrika. Nchi zetu ndiyo kwanza zimepata uhuru, wao wanaionyesha Ulaya kwamba Mwafrika akiachwa peke yake anachinjana. Angalieni hata jina: "Kwaheri Afrika". Anayeaga ni nani? Ni yule aliyekuwa anatutawala. Filamu ya namna hiyo mimi siipi kiti cha shahidi.

#4 Jua la Maskat
Kipanga, taratibu ndugu yangu. Babu yangu kazaliwa Mkunazini, mimi nimezaliwa Maskat, na nyumbani kwetu mpaka leo tunagombana na kupatana kwa Kiswahili. Wazee wetu hawakuhitaji Mtaliano awaambie yaliyotokea. Filamu ile tulikuwa nayo kwenye kanda, imefungwa kwa kitambaa, juu ya kabati la bibi. Bibi aliitazama mara moja tu. Kaka zake wawili walikuwa shamba siku ile na hawakuonekana tena, hakuna kaburi, hakuna barua. Alikuwa anakaa karibu na kioo cha televisheni akitafuta namna mtu anavyotembea. Unaponiambia "uongo" kwa neno moja, jua unamwambia nani.

#5 Bint Ng'ambo
Asante kwa uzi. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Unguja, naomba nisawazishe mambo kidogo kabla hatujafika mbali.

Ile haikutengenezwa kuwa makala ya televisheni. Ilikuwa filamu ya sinema, ndefu, kisha watu wakaanza kuikata vipande na kuvipachika kwenye makala za televisheni na mitandaoni. Marekani nako lilitoka toleo fupi mwaka 1970, siasa nyingi zimeondolewa, damu imebaki, na Jacopetti mwenyewe alilikana. Kwa hiyo mtu wa Magomeni na mtu wa Maskat wanaweza kuwa wanabishana juu ya vitu viwili: picha zilezile, maneno mengine.

Msimulizi anadai picha ni za kati ya 18 na 20 Januari 1964. Mapinduzi yalianza usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, Januari 12. Kufikia 18 Sultan Jamshid keshaondoka na meli yake na Mombasa wamemkatalia kushuka; alipitia Dar kwenda Uingereza. Serikali mpya ya Karume ipo, na John Okello, kiongozi wa wapiganaji wa mapinduzi, bado anatoa vitisho vyake redioni. Yaani tarehe hiyo si ya mapigano ya bomani. Kama ni ya mauaji, ni ya mauaji ya baada ya ushindi. Hilo ni jambo zito na linataka kusemwa hivyo.

Idadi ya waliokufa: walioandika wametofautiana kuanzia mamia mpaka 20,000. Sensa ya 1958 ilihesabu watu wapatao 300,000 Unguja na Pemba pamoja. Pimeni wenyewe upana wa hitilafu hiyo kwa visiwa vidogo namna hii.

#6 Kipanga
Mwalimu, nashukuru. Ila umeona mwenyewe: kati ya mamia na 20,000 kuna shimo, na filamu ile inalijaza shimo hilo kwa picha za dakika chache.

#7 Mzee Ngalawa
Assalaam aleikum vijana. Mjukuu kanisomea uzi huu, nami namwambia aandike.

Mimi mtu wa Mkokotoni, nimevua maisha yangu yote. Mwaka ule nilikuwa na miaka minane. Mapinduzi yalikuja mwisho wa Shaabani, siku chache mbele Ramadhani ikaandama. Nakumbuka kwa sababu mama alikuwa keshaweka tende na kunde za futari, na tukaanza mfungo hatujui baba yuko wapi. Alirudi siku ya sita.

Sasa nasema la bahari. Mwezi ukiandama maji huwa ya bamvua. Asubuhi kama saa nne, saa tano, yanapwa mpaka mwamba wote uko nje na ngalawa zinalala ubavu. Kuna pahala kwenye filamu wanaonyesha pwani kavu, watu wako chini huko, hawana maji ya kukimbilia. Mjukuu alinisimamishia picha nikaitazama. Maji yale ni ya bamvua. Tarehe 18 Januari mwaka ule mfungo ulikuwa mbichi, siku mbili tatu, kwa hiyo bamvua ilikuwa bado. Mpaka hapo msimulizi hajasema uongo.

#8 Chai ya Rangi
Shikamoo Mzee Ngalawa. Hii ndiyo nondo sasa. Kipanga, jibu bahari.

#9 Kipanga
Shikamoo mzee wangu. Sibishani na wewe kuhusu maji, nani niwe mimi. Ila bamvua inakuja mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Pwani kavu inatuambia picha haikupigwa kwenye maji mafu. Haituambii ni mwezi gani wala mwaka gani.

Lakini nakubali kurudi hatua moja. Niseme mahali ni Unguja na wakati ni huo. Bado nauliza: aliyeko juu ya ndege amejuaje waliolala chini ni kina nani na wameuawa na nani?

#10 Mzee Ngalawa
Swali zuri. Endelea kuuliza.

#11 Mhariri wa Picha
Mimi kazi yangu ni kuhariri video, Arusha. Nawapa zoezi moja. Chukueni kipande hicho mkizime sauti kabisa. Muziki ule ni wa Riz Ortolani, mtunzi mkubwa, na muziki wa mtu kama yeye unakwambia ulie wapi na uogope wapi. Tena kutoka angani hakuna sauti ya chini inayoweza kurekodiwa. Kwa hiyo kila unachosikia mle kimewekwa chumba cha uhariri, Italia. Macho yanaona Unguja, masikio yako studio. Zimeni, mtazame, mrudi mseme mmeona nini.

#12 Fundi Taa
Mhariri, nimefanya. Nimekaa uani usiku, simu kimya.

Bila sauti inakuwa kitu kingine. Kamera inatikisika, inatafuta, inafika mahali inaondoka kabla jicho halijatulia. Watu ni wadogo mno, kama punje za mchele kwenye ungo. Nikagundua kwamba neno "Mwarabu" halimo kwenye picha hata mahali pamoja. Limo kinywani mwa msimulizi. Mimi nilikuwa naona kanzu, yeye ananiambia Mwarabu, nami nikawa namkubalia bila kujua.

Ila makaburi yamebaki makaburi. Hata bila sauti. Sikulala vizuri.

#13 Bint Ng'ambo
Fundi Taa, umeugusa mfupa wenyewe.

Unguja ya 1964 kanzu haikuwa vazi la Waarabu. Mshirazi wa Makunduchi alivaa kanzu, Mngazija alivaa, mjukuu wa Mmanyema alivaa, Mnyamwezi aliyesilimu alivaa. Ijumaa ukisimama juu ya paa la Msikiti wa Malindi unaona weupe mtupu. Aliyetoka Roma hajui hilo. Kwake kanzu nyeupe ni Mwarabu na kaptura ni Mwafrika, hadithi yake inatembea. Mimi naamini picha ni za kweli na maelezo yake hayaaminiki, na wanafunzi wangu nawafundisha kuvitenganisha hivyo viwili.

Mle mstarini huenda walikuwemo Waarabu wengi. Huenda walikuwemo wengine. Inawezekana baadhi ni watu waliokamatwa wanapelekwa kambini, maana watu wengi walikusanywa siku zile. Inawezekana baadhi ya yale makaburi ni ya maziko yaliyoharakishwa, si mahali pa kuulia. Angani vitu hivyo vyote vinafanana.

#14 Jua la Maskat
Mwalimu, naheshimu elimu yako, na la kanzu ni kweli tupu. Lakini niruhusu. Walioshika mapanga nao waliisoma kanzu vilevile. Walisoma pua, wakasoma nywele, wakauliza jina la baba. Wamanga wa mashamba, Waarabu wahamiaji kutoka Oman, ndio walioumia zaidi, watu wa viduka vya sukari na mafuta ya taa, wengine maskini kuliko majirani zao. Hao hawakuwa na mashamba ya karafuu wala hawakuwa na Sultani wa kuwapakia melini. Mtaliano aliyeko juu alikosea kwa kuita kila mtu Mwarabu. Na huku chini mtu alikufa kwa kosa hilohilo.

Kaka za bibi yangu, mama yao alikuwa Mswahili wa Donge. Nani alimuuliza?

#15 Chai ya Rangi
Bandiko #14 nimelisoma mara tatu.

#16 Mnazi Mrefu
Habari za jioni. Niko Tanga, nimefika nimechelewa. Kila makala ya mapinduzi niliyoiona inaanzia Januari 12, kama vile watu waliamka siku hiyo wakakuta panga mlangoni. Hapo ndipo ninapogombana na watengenezaji wote, wa kwetu na wa nje.

Juni 1961 kulikuwa na fujo za uchaguzi, wakafa watu 68, na wengi wao walikuwa Waarabu. Kwa hiyo chuki ilishamwaga damu kabla. Julai 1963 ASP, chama cha Karume, walipata takriban asilimia 54 ya kura na wakaambulia viti 13, wapinzani wao ZNP na ZPPP kwa pamoja wakachukua 18 na serikali. Desemba 10 Mwingereza anateremsha bendera. Polisi waliotoka bara wanaanza kuondolewa kazini, watu wanaoijua bunduki na wanaoyajua maghala yake. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, kambi za polisi za Ziwani na Mtoni zimevamiwa. Hayo yote hayana picha ya kutisha kutoka angani. Karatasi ya kura haitikisi saluni, ndiyo maana televisheni inaipita.

#17 Kipanga
Mnazi Mrefu asante, nilikuwa nalisubiri hili. Ukikata mkanda ukaanzia kwenye maiti, aliyenyimwa ushindi wa kura anageuka mnyama asiye na sababu.

#18 Jua la Maskat
Na ukianzia kwenye kura ukaishia kwenye gwaride, muuza duka wa shamba anageuka hesabu tu. Viti 13 havielezi mtoto kuuawa.

#19 Msimamizi
Nimefuta mabandiko mawili yaliyotukana asili za watu. Jadilini picha na historia. Atakayerudia anafungiwa.

#20 Chai ya Rangi
Naomba kuuliza nje kidogo. Hivi bara sisi televisheni ilianza lini hasa? Mzee wangu anasema yeye ameishi nchi hii nusu ya maisha yake bila televisheni, nikadhani ananitania.

#21 Mnazi Mrefu
Hakutanii. Bara televisheni zilianza 1994, tena za watu binafsi. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaiota. Sisi tulifunga antena kwenye mti wa mwembe, mtu mmoja juu anazungusha, mmoja dirishani anapiga kelele "hapo hapo, rudi kidogo!" tukiitafuta TVZ kuvuka bahari. Siku ya upepo picha inakuja na chenga, lakini taarabu unaisikia.

Na hili lina uhusiano na swali la Fundi Taa. Watu wa bara tumelelewa na redio. Historia yetu tuliipokea kwa sauti: hotuba, ngoma, "hii ni Redio Tanzania". Picha tulipoanza kuzipata tulishakuwa watu wazima na hatukuwa na kinga nazo. Mtu aliyezoea redio akiona picha inatembea anadhani picha haina mwenyewe.

#22 Bint Ng'ambo
Mapinduzi yenyewe watu wengi waliyapata kwa sauti pia. Walioshika Sauti ya Unguja pale Raha Leo ndio waliompa Okello nchi kwa siku chache. Mtu kutoka Uganda, lafudhi ngeni, cheo amejipa mwenyewe cha Field Marshal, na kisiwa kizima kimekaa kando ya redio. Kufikia Machi 1964 keshatolewa. Makala za nje zinampenda sana kwa sababu ana maneno ya kutisha, na makala za kwetu zinamruka kama shimo njiani. Sijaona iliyomweka mahali pake.

#23 Mvita Mkongwe
Salamu kutoka Mombasa, Kuze. Nami nina neno kuhusu nani ashike kipaza sauti.

Mwaka 1986 mwana wetu Profesa Ali Mazrui alitoa makala yake ya televisheni ya sehemu tisa, The Africans. Ami yangu alituletea kanda kutoka Uingereza, tukajaa sebuleni mpaka mlangoni. Kwa mara ya kwanza nilimuona mtu anayesema kama sisi, mtoto wa Kadhi Mkuu, amesimama mbele ya kamera akieleza Afrika kwa urithi wake wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Magharibi. Hakukaa nyuma ya pazia kama yule Mtaliano. Alisema "mimi" na uso wake ukaonekana. Ukitaka kumpinga unajua unampinga nani.

Na walimpinga. Marekani, Lynne Cheney aliyekuwa akiongoza mfuko wa taifa wa elimu za utu uliosaidia kugharimia, aliyaona makala hayo ni ya kuishambulia Magharibi, akataka jina la mfuko litolewe kwenye orodha ya waliochangia. Likatolewa.

#24 Kipanga
Mvita Mkongwe, umenifurahisha. Ila yale si yalikuwa ya BBC? Bado hela na mitambo ni ya Mzungu.

#25 Mvita Mkongwe
BBC pamoja na kituo cha WETA cha Washington, na televisheni ya taifa ya Nigeria ilikuwa na mkono. Pesa hazikutoka Kuze, kweli. Lakini maneno yalitoka Kuze.

Tena msidhani Mweusi akishika kamera mambo yametengenea. Mwaka 1999 Henry Louis Gates, profesa mkubwa wa Marekani, mtu mweusi, alikuja pwani yetu na makala yake. Lamu na Zanzibar akawa anawauliza watu asili zao, na wakimjibu Mshirazi au Mwarabu anashangaa mbona wanakataa Uafrika wanaouvaa usoni. Na la utumwa alilikaza sana upande wa Waafrika wenyewe. Mazrui alimwandikia ukosoaji mkali, ukasambaa kwenye intaneti. Mmoja alikuwa mgeni mwenye ngozi ya nyumbani, mwingine mwenyeji mwenye jina la Kiarabu. Nani kati yao ni "wetu"? Mimi najua jibu langu. Mazrui alipofariki 2014 aliletwa akazikwa hapa, makaburi ya Wamazrui, karibu na Ngome ya Yesu. Nilikuwa mazikoni.

#26 Kinda la Lushi
Bandugu, jambo. Miye niko Lubumbashi, nasoma uzi yenu tangu jana.

Fundi Taa alitaja Lumumba juu kule. Waliua Lumumba na benzake Mpolo na Okito hapa kwetu Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Miaka karibu makumi ine, Wabelgiji walisema hawajui maiti iko wapi. Kisha polisi mumoja wa kwao, Gerard Soete, muzee kabisa, akasema mbele ya kamera ya televisheni namna walikata maiti na kuyeyusha ndani ya asidi, na akaonyesha meno. Watu walimuona na macho. Bunge ya Ubelgiji ikafanya uchunguzi, na 2002 serikali yao ikaomba radhi. Jino moja ikarudishwa kwa familia tarehe 20 Juni 2022. Ilipofika Lubumbashi miye nilisimama barabarani, jeneza ikapita, watu wazima walilia. Jeneza mukubwa, na ndani jino moja.

Kwa hiyo mukisema televisheni ni uongo ya Mzungu, hapana kila siku. Ile siku kamera ilimufungua Mzungu kinywa.

#27 Bint Ng'ambo
Pole na ahsante, Kinda la Lushi. Umeonyesha kinachokosekana kwetu. Soete alikuwa na jina, cheo, tarehe na uso, na unaweza kumshika kwa maneno yake. Picha za Unguja hazina hata mtu mmoja wa chini anayesema.

#28 Mhariri wa Picha
Congo hiyohiyo ndiko Jacopetti alikopatia kesi. Filamu yake ina matukio ya watu kupigwa risasi wakati wa uasi wa Simba, na Italia ikazuka tuhuma kwamba mauaji yalisubirishwa mpaka kamera iwe tayari. Alichunguzwa kwa kosa zito, akaja kufutiwa. Nalisema lote, tuhuma na kufutiwa, kwa sababu kila mtu huwa anachukua nusu anayoitaka.

#29 Kipanga
Nusu yangu mimi ni tuhuma, na siifichi. Mtu ambaye nchi yake mwenyewe ilimuuliza kama aliwapanga wauaji, mimi simkabidhi makaburi ya Zanzibar.

#30 Jua la Maskat
Nusu yangu ni kwamba simjui mwingine aliyeruka juu ya kile kisiwa siku zile na kamera. Laiti angekuwapo mtu mwema. Hakuwapo. Nimebaki na huyu.

#31 Mnazi Mrefu
Turudi kwa swali la pili la Fundi Taa: mbona hazionyeshwi? Mimi naona ni Muungano. Miezi mitatu na ushei baada ya picha zile nchi mbili zikawa moja, na televisheni ya taifa haiwezi kuonyesha udongo unachanganywa na papo hapo kuonyesha kilichomo ndani ya udongo.

#32 Chai ya Rangi
Au ni haki za filamu? Kampuni ya nje ina mali yake, ukirusha unadaiwa.

#33 Bint Ng'ambo
Hapa Unguja ningesema ni hofu ya kurudi nyuma. Tumetoka mbali mpaka kura ya maoni ya 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa. Kila uchaguzi watu wanashika roho. Darasani nikifika 1964 wapo watoto wanaokaa dawati moja, babu wa huyu na babu wa yule walikuwa pande mbili. Natumia maandishi, ramani, hotuba. Zile picha sijazionyesha darasani, na sijui mwalimu mwenzangu aliyezionyesha.

#34 Mzee Ngalawa
Mimi naona mmeliacha lililo jepesi. Maiti husitiriwa. Sisi mtu akifa tunamfunika, tunamwosha nyuma ya pazia, na aliyemwosha haruhusiwi kusema alichokiona mwilini. Wale walipigwa picha hawajafunikwa, wakaonyeshwa duniani kote kwa tiketi. Hata kama kila kitu ni kweli, mimi nisingependa ndugu yangu aonekane hivyo kwa kinyozi, watu wananyolewa.

#35 Jua la Maskat
Mzee Ngalawa, maneno yako yamenikaa. Bibi alikuwa anaifunga ile kanda kwa kitambaa cheupe, na mimi miaka yote nilidhani ni kwa sababu ya vumbi.

Lakini mzee wangu, sitara ni kwa aliyezikwa anajulikana kazikwa wapi. Hawa wetu hawana hata jiwe. Tukizifunika na picha, wamebaki na nini?

#36 Mzee Ngalawa
Hilo sina jibu lake, mwanangu. Allah awarehemu.

#37 Fundi Taa
Wakuu, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimeongea na mama. Babu bado yupo Bububu, ana miaka themanini na tano, masikio mazima. Hajawahi kuulizwa na yeyote kati yetu. Ijumaa napanda boti. Sitamwonyesha zile picha, nitamuuliza tu. Naombeni ushauri wa kurekodi kwa simu.

#38 Mhariri wa Picha
Iweke simu kwenye hali ya ndege isiite katikati. Iegemeze kwenye kikombe, karibu naye, usiishike mkononi. Funga feni, inaharibu sauti. Mwanzoni aseme jina lake, alipozaliwa, na leo ni tarehe ngapi. Akinyamaza usimkimbize, ukimya usiukate. Na usimwekee muziki.

#39 Bint Ng'ambo
Muulize kwanza alikuwa anakaa nyumba ipi, alikuwa anafanya kazi gani, na jirani wa kulia na wa kushoto walikuwa kina nani. Ukianza na "mapinduzi" atakupa hotuba ya Januari 12. Ukianza na majirani atakupa watu.

#40 Kipanga
Na umwambie yuko mtu wa Dar anayeheshimu atakachosema, hata kikinipinga.

#41 Fundi Taa
Nipo Bububu. Leo tumekaa barazani toka alasiri. Nilianza na majirani kama alivyosema mwalimu. Kulia fundi cherehani Mngazija, kushoto Mmanga mwenye duka la mafuta ya taa, ng'ambo ya njia nyumba ya polisi kutoka Tabora. Nimerekodi dakika arubaini, ikaadhiniwa magharibi, akasema nizime. Kaniambia nirudi kesho. Bado yuko Jumapili asubuhi, hajafika Jumatatu.